Nimekuza makali ya patasi, sasa nitazame nini?

Swali limetoka kwa fundi seremala kijana wa Tanga, anayetengeneza milango na samani za mvule na mninga, na mara mojamoja huchonga vipande vidogo vya mpingo. Ameandika hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimenunua lenzi ndogo ya mkononi iliyoandikwa 30x, na rafiki yangu fundi simu huniazima hadubini yake ya kuunganisha na simu. Zamani nilikuwa nanoa patasi kwa kinoo cha 1000, kisha cha 6000, najaribu kwa kunyoa malaika ya mkono, narudi kazini. Tangu nianze kutazama kwa lenzi naona misumeno na mifereji, hata patasi ikiwa inanyoa. Juzi nimenoa patasi moja saa nzima na bado sikuridhika. Nikuze mara ngapi, na nitazame nini hasa?"

Marahaba, mwanangu. Misumeno hiyo ipo kweli, lenzi haikudanganyi. Haijapata kukosekana kwenye chuma chochote kilichopitishwa juu ya jiwe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha vitu alivyovichungulia kwa hadubini. Cha kwanza kilikuwa ncha ya sindano, cha pili makali ya wembe. Wembe ule, uliokuwa mkali wa kunyolea, chini ya hadubini yake ulionekana mpana kama mgongo wa kisu kinene, na pale ulipopitishwa kwenye kinoo palikuwa na matuta na mifereji kama shamba lililolimwa. Wembe haukuwa mbovu. Basi nawe ukiona matuta kwenye patasi inayonyoa, usikimbilie kuirudisha kwenye jiwe. Jiulize matuta hayo yameachwa na jiwe gani, na yameishia wapi.

Tuweke vipimo mezani kwanza, maana vitakupunguzia hangaiko. Jicho la mtu, kitu kikiwa umbali wa sentimita 25, huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kama milimita 0.1, yaani mikroni 100, unene wa unywele mnene. Ukikuza mara 10 unashuka hadi mikroni 10 hivi. Chembe za kinoo cha 1000 ni za kama mikroni 15, za 6000 ni za kama mikroni 2. Kwa hiyo mikwaruzo ya 1000 utaiona vizuri kwa lenzi ya mara 10 yenye taa nzuri, ila ya 6000 hutaiona mmojammoja. Utaona uso uliolainika na kung'aa tu. Na makali yenyewe, pale nyuso mbili za chuma zinapokutana? Kwenye patasi iliyonolewa vizuri unene wake haufiki mikroni 1. Mwanga tunaoonea una mawimbi ya mikroni 0.4 hadi 0.7, na hadubini bora ya mwanga hukwama kwenye mikroni 0.2 hivi. Ukikuza mara 10 au mara 1,000, makali mazuri sana yatakukwepa tu.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu ukilielewa hili moja mengine yote yatafuata. Makali butu yana uso. Ni mwembamba mno, lakini ni uso, na uso wa chuma huakisi mwanga. Makali yaliyo tayari hayana uso wa kuakisia. Kwa hiyo ukikuza, usiyatafute makali. Tafuta mwanga uliobaki mahali ambapo pasingekuwa na mwanga. Pale mwanga unapokatika, pamenoleka.

Fanya hivi. Kaa chini, taa moja ndogo iwe mbele yako. Tochi ya simu inatosha, na ni bora kuliko taa ndefu ya dari, kwa sababu mwanga unaotoka mahali pamoja huonyesha kasoro waziwazi. Shika patasi makali yakielekea juu, uyatazame kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Sasa iinamishe patasi taratibu kuelekea taa, halafu irudishe. Ukiona mstari mweupe unaometa kutoka kona hadi kona, patasi ni butu yote. Ukiona mstari uliokatikakatika, sehemu zinazometa ndizo zilizobaki. Ukiona vinukta viwili vitatu, hayo ni mapengo. Ukiona giza tupu kutoka kona moja hadi nyingine, basi. Wazee wengi hufanya hivi kwa jicho tupu kila siku, na lenzi hapa inawaongezea tu wepesi wa kuona vinukta vidogo.

Sasa lenzi yenyewe. Ile 30x iweke pembeni kwa muda, utafute ya mara 10, kama ile anayotumia sonara kutazama kito. Fundi saa naye huwa na yake, ile anayoibana jichoni, ingawa nyingi za namna hiyo hukuza kidogo tu, mara 3 au 5. Sababu ni hesabu nyepesi: chukua milimita 250, gawanya kwa mara za kukuza, unapata umbali wa kuona sawasawa. Lenzi ya mara 10 inataka kitu kikae milimita 25 kutoka kwenye kioo. Ya mara 30 inataka milimita 8. Kwa milimita 8 kichwa chako na mkono wako vinaziba taa, mtetemo mdogo unakupoteza, na unaona kipande cha milimita chache tu cha makali. Ndiyo maana umechoka. Tena nyingi kati ya zile lenzi za bei ya chini zilizoandikwa 30x hazifiki hapo. Unaweza kuipima mwenyewe: tazama maandishi, pima kwa rula umbali kutoka kioo hadi karatasi pale yanapoonekana safi, halafu gawanya 250 kwa umbali huo. Ukipata milimita 20, lenzi yako inakuza mara 12 au 13, hata iandikweje. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, una bahati, hiyo hiyo inakufaa.

Namna ya kuishika nayo ina utaratibu. Lenzi ipeleke jichoni hadi ikaribie kope, halafu ulete patasi kwenye lenzi. Usiishike lenzi mbali kama mzee anayesoma gazeti. Gusanisha mikono miwili ili vitu vyote vitikisike pamoja, viwiko vikae mezani, na jicho la pili liache wazi. Lakini kumbuka umeleta chuma kikali hadi sentimita mbili na nusu kutoka jichoni. Usifanye hivyo umesimama, wala karibu na mlango, wala mahali watoto wanapopita. Patasi ilaze kidogo, makali yaelekee pembeni kila unapoweza. Na usitazame kwa lenzi chuma kinachoakisi jua moja kwa moja. Jambo jingine la karakana zetu: lenzi iliyoachwa juani kwenye rundo la maranda huwasha moto. Ifunike kila ukiitua.

Ile hadubini ya fundi simu usiidharau, ila usiamini namba zake. Maandishi ya 500x au 1000x kwenye boksi hutegemea ukubwa wa skrini unayotazamia. Faida yake iko kwenye picha. Piga picha baada ya kinoo cha 1000, piga tena baada ya 6000, ziweke bega kwa bega. Kumbukumbu ya macho husahau, picha haisahau. Usipoipata, kuna lenzi ndogo sana ndani ya deki mbovu ya DVD, kwenye kichwa kinachosoma diski. Ukiibandika juu ya kamera ya simu, inakuza ajabu kwa gharama ya bisibisi na uvumilivu. Utoe tu umeme kwanza.

Tuje kwenye saa yako iliyopotea. Nadhani ninajua ilikokwenda. Ulikuwa juu ya kinoo cha 6000 ukijaribu kufuta mifereji ya kinoo cha 1000, au hata ya tupa na msasa wa kabla yake. Jiwe la mikroni 2 linaweza kufuta mfereji wa mikroni 15, lakini mfereji wenye kina wa msasa namba 120 litakula nao siku nzima. Lenzi kazi yake kubwa ndiyo hii: inakuambia uondoke lini kwenye jiwe ulilopo. Ukiitumia mwishoni tu, inakuonyesha makosa yaliyopaswa kurekebishwa mawe mawili nyuma.

Badilisha mwelekeo kila unapobadilisha jiwe. Kwenye 1000 sugua kwa mshazari ukielekea kulia, kwenye jiwe linalofuata elekea kushoto. Ukitazama, mikwaruzo mipya yote imelala upande mmoja, na ya zamani inaikata kama panda ya njia. Huhitaji kukisia. Ilimradi mstari mmoja wa zamani bado unafika kwenye makali, kazi ya jiwe hilo haijaisha. Ile iliyobaki katikati ya mteremko, yaani uso ulioinama wa patasi, mbali na makali, iache. Haikati chochote. Nimewaona vijana wakipoteza chuma cha miezi mingi kwa kutaka mteremko mzima uwe kioo cha kujitazamia, na mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza na lenzi nilifanya hivyo. Patasi ya milimita 12 niliyorithi ilifupika kwa upana wa kidole bila sababu.

Kabla hujagusa jiwe, paka mteremko wino wa kalamu nene ya kudumu, kutoka kona hadi kona. Sugua mara tatu au nne, futa maji, tazama. Wino uliofutika nyuma huku mbele umebaki maana yake umelaza patasi mno, makali hayajagusa jiwe kabisa. Wino uliofutika mstari mwembamba mbele tu, umeinua mno. Ukibaki kwenye kona moja, mkono wako unalalia upande. Kwa jicho tupu wino utaonekana umeisha. Kwa lenzi utauona uzi mweusi mwembamba ukikaa pembezoni kabisa mwa makali, na uzi huo ndio siri ya patasi nyingi "zinazokataa kunoleka".

Namba nazo zisikuchanganye. Msasa wa maji ulioandikwa P2000, ule mafundi wanaobandika juu ya kipande cha kioo, una chembe za kama mikroni 10. Uko karibu na kinoo cha 1000 kuliko cha 6000. Mtu akikuambia "nimemaliza na elfu mbili", muulize elfu mbili ya nini.

Sasa sikiliza hili la mgongo, maana barua yako haikuutaja hata mara moja. Patasi ina nyuso mbili, mteremko na mgongo bapa, na makali ni pale zinapokutana. Kila mkwaruzo wa mgongo unaofika mwisho wake ni jino kwenye makali, hata kama mteremko umelainika kama hariri. Patasi nyingi zinazouzwa madukani huja na mgongo uliosagwa kwa mashine, mifereji imekingama wazi. Geuza patasi zako zote, tazama sentimita moja ya mwisho. Ukikuta mifereji hiyo, misumeno uliyoiona inatoka huko. Laza mgongo bapa kabisa kwenye kinoo cha 1000, kisha 6000, hadi ile sentimita moja ya mwisho ing'ae sawasawa hadi ukingoni. Huko juu karibu na mpini kuache. Kazi hii inachosha, inaweza kula mchana mzima kwa patasi moja, lakini unaifanya mara moja tu katika maisha ya patasi. Baadaye ni kuigusisha kidogo kwenye jiwe laini.

Ukisugua mteremko hadi ufike mwisho, chuma chembamba hujikunja upande wa pili kama uzi. Mimi nauita mkunjo. Ukiugusa kwa kidole, ukipeleka kidole kutoka kwenye bapa kwenda nje, kamwe si kwa urefu wa makali, unakwaruza. Mkunjo ni habari njema, kwani unaonyesha kwamba nyuso mbili zimekutana. Ila ukiuacha, patasi itanyoa malaika ya mkono leo na kukata vibaya baada ya vipande vitatu vya mvule, kwa sababu ulikuwa unanyolea uzi, na uzi umevunjika. Nashuku hili nalo limewahi kukupata. Kwa lenzi, weka taa ubavuni badala ya mbele. Mkunjo huonekana kama uzi unaong'aa upande mmoja na kivuli upande wa pili. Ukigeuza patasi, mng'ao unageuka. Uondoe kwa kupishanisha mteremko na mgongo kwenye jiwe laini, kila safari ukipunguza uzito wa mkono, hadi usionekane pande zote mbili. Halafu hakikisha kwa pamba ya dawa: ipitishe taratibu kutoka kwenye bapa kwenda nje ya makali. Nyuzi zikinaswa mahali, rudi na lenzi mahali hapo. Pamba huhisi mkunjo ambao lenzi ya mara 10 imeukosa.

Ngozi iliyopakwa dawa ya kung'arishia ni nzuri kwa kumalizia, patasi ikipitishwa juu yake mara kumi au kumi na tano kila upande. Ukizidisha, ngozi hubonyea na kuzunguka makali, inayafanya mviringo. Utaona mteremko unang'aa kuliko zamani, na ule mstari mweupe wa butu umerudi palepale kwenye makali. Fundi asiye na lenzi hudhani ngozi haijatosha, anaongeza.

Baada ya kazi ndipo lenzi inapokuwa mwalimu hasa. Tazama patasi iliyochoka kabla ya kuinoa. Kama kuna mapengo yenye kingo kali, vipande vimemeguka: pembe ni nyembamba mno kwa mti huo, au chuma ni kigumu na kikavu. Kama mng'ao ni mrefu na umelala upande mmoja, makali yamejikunja: chuma ni laini. Mwanzoni mwa kunoa patasi kwa mvule na mninga, digrii 25 kwa mteremko mkuu na 30 pale mwisho ni kipimo kizuri. Mpingo ni mambo mengine. Mti unaozama majini hauna huruma na pembe nyembamba. Nenda digrii 35 pale mwisho uone mapengo yatakavyopungua.

Kuna mapengo yanayorudi kila unaponoa, hata ukibadilisha pembe. Uliza kama patasi iliwahi kupitishwa kwenye mashine ya kusaga inayozunguka kasi. Chuma cha kaboni kikipata joto la digrii 300 za Selsiasi hivi hugeuka bluu, na hapo ugumu wake umeshapungua. Rangi inafutika kwenye kinoo lakini chuma kilichoungua kinabaki. Niliwahi kuletewa patasi tatu zilizonolewa hivyo na fundi mwingine; chini ya lenzi kulikuwa na kivuli cha bluu kwenye kona tu, kwa sababu kona ni nyembamba na hupata joto kwanza. Dawa ni kusaga taratibu, ukichovya majini kila mara, hadi upite sehemu iliyoungua.

Na ninyi mnaokaa pwani mna adui wa ziada. Hewa ya chumvi hutoboa chuma vishimo vidogo vyeusi ambavyo jicho tupu huviona kama madoa. Kishimo kikiwa kwenye mgongo, kila unaponoa makali yanasogea kukielekea, na siku yakikifikia unapata pengo ambalo hukulifanya. Kila jioni pangusa na tone la mafuta ya cherehani.

Utaniuliza usimame wapi. Lenzi inakuonyesha mahali pa kusugua; ukali unaupima kwenye ubao. Chukua kipande cha msonobari, mti laini kabisa, ukate kichwa chake, yaani pale nyuzi zinapokutazama, kwa patasi ya mkono bila nyundo. Mti laini hupondeka mbele ya chuma butu, kwa hiyo unadai makali kuliko mti mgumu. Uso ukitoka laini, wenye rangi nzito, nyuzi zote zimekatwa. Ukitoka mweupe na kuchanika, zimepondwa. Na ukiona mistari myembamba iliyoinuka ikifuata njia ya patasi, kila mstari ni pengo moja: weka alama ya penseli kwenye patasi mkabala na mstari, kisha uchukue lenzi utazame hapo tu. Utashangaa jinsi pengo lisilofika nusu ya unywele linavyoandika wazi kwenye ubao.

Kwa patasi ambayo mgongo wake umeshatayarishwa, yote haya yasizidi dakika kumi: wino, 1000 hadi mkunjo utokee kona hadi kona, tazama, 6000, tazama taa ikiwa mbele na ikiwa ubavuni, pamba, msonobari. Anza na hiyo iliyokula saa yako. Shughulikia mgongo wake kwanza, halafu omba hadubini ya rafiki yako upige picha mbili za makali, moja taa ikiwa mbele na nyingine ubavuni, unitumie pamoja na pembe uliyotumia na mti uliokuwa unakata.